Dhahabu ya Bodi za Kompyuta: Anza na Bisibisi na Mizani, Si Asidi

Karibu kila anayenijia akitaka kujua namna ya kupata dhahabu kutoka katika kompyuta mbovu huuliza kwanza asidi ipi anunue na inauzwa wapi. Nilikuwa fundi wa kompyuta hapa Dar es Salaam kabla ya kuhamia katika biashara ya bodi chakavu, na jibu langu ni lile lile kwa wote: anayeanza asinunue asidi yoyote. Fedha ya mtu mwenye mtaji mdogo iko katika kufungua vifaa, kuvichambua na kuviuza kwa madaraja, ilhali uchenjuaji wenyewe, yaani kuitenganisha dhahabu kwa kemikali, ni kazi ya wenye maabara, vibali na mahali halali pa kupeleka mabaki yenye sumu.

Ni vyema kujua mapema dhahabu hiyo ni kiasi gani, kwa sababu video zinazosambaa kwenye simu huonyesha kitonge kinachong'aa bila kuonyesha lundo la bodi lililokitoa. Dhahabu hupakwa juu ya nikeli, na nikeli juu ya shaba. Hata kwenye meno (ile safu ya njano inayochomekwa) ya RAM, yaani kipande cha kumbukumbu ya kompyuta, na ya kadi za kuchomeka, ambako hupakwa nene kuliko sehemu nyingi, tabaka lake kwa kawaida ni la mikroni moja (sehemu moja ya elfu ya milimita) hivi au pungufu. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina uzito wa gramu 19.3, kwa hiyo sentimita moja ya mraba yenye tabaka la mikroni moja hubeba takriban miligramu mbili tu. Ili kufikia gramu moja utahitaji zaidi ya sentimita 500 za mraba za uso wenye dhahabu, eneo linalokaribia karatasi ya A4, na meno ya RAM moja ni vipande vyembamba vilivyoachana. Ile njano inayoonekana kuzunguka matundu ya skrubu kwenye bodi nyingi za kisasa ni nyembamba zaidi, mara nyingi haizidi sehemu moja ya kumi ya mikroni.

Japani ilipokusanya malighafi ya medali za Olimpiki ya Tokyo, takriban tani 78,985 za vifaa vidogo vya kielektroniki pamoja na simu zipatazo milioni 6.21 zilitoa kilo 32 za dhahabu, yaani chini ya nusu gramu kwa tani. Hesabu hiyo inafaa kukumbukwa kila unapouziwa lundo lisilochambuliwa kwa maneno kwamba "humo ndani kuna dhahabu".

Uchambuzi ndio unaolipatia thamani lundo kama hilo. Mimi hutenga RAM peke yake, kadi zenye meno ya njano peke yake, na bodi za simu katika chombo chao, kwa sababu kwa uzito ule ule bodi ya simu huwa na thamani kubwa kuliko bodi mama ya kompyuta ya mezani. Prosesa (chipu kuu za kompyuta) za zamani za kauri, hasa za miaka ya 1980 na 1990, hazichanganywi na za plastiki, na kabla ya kuzipima kama chakavu ni busara kuangalia kama kuna mkusanyaji wa vifaa vya kale anayezitaka, kwani baadhi yake huuzwa zikiwa nzima kwa bei inayozidi dhahabu iliyomo. Bodi za kahawia za televisheni, redio na pawa sapulai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme) zina shaba na lehemu, lakini dhahabu yake ni kidogo mno kiasi kwamba kuzichanganya na bodi za kijani zilizo bora kutashusha bei ya mzigo wote. Mnunuzi mzoefu hupanga bei kwa kuangalia kilicho kibovu zaidi ndani ya gunia, nami sioni kosa lake.

Kabla ya kupima, ondoa vipoozeo vya alumini, vipande vya chuma na betri. Alumini na chuma vina wanunuzi wao, na waya wa shaba vivyo hivyo, ila waya huo umenywe kwa kisu au mashine ya kumenyea. Kuuchoma ili plastiki iondoke hutoa moshi wenye sumu, na shaba yenyewe hutoka imeungua ikashushwa daraja, hivyo hasara ni ya pande zote mbili.

Usalama wa hatua hii unaonekana mwepesi, na kwa hiyo hupuuzwa. Kapasita kubwa, yaani vipuri vinavyohifadhi chaji, za pawa sapulai zinazotumia umeme wa volti 230 huchajiwa hadi zaidi ya volti 300, na chaji hiyo inaweza kubaki baada ya waya kuchomolewa; asiye na ujuzi wa umeme aiuze pawa sapulai bila kuifungua. Televisheni na monita za kioo kizito pia ziachwe zilivyo, kwa kuwa mrija wake hauna hewa ndani na unaweza kupasuka kwa nguvu, mbali na metali ya risasi iliyomo katika kioo. Skrini bapa za zamani zinazowashwa kwa mirija myembamba ya mwanga zina zebaki ndani ya mirija hiyo. Betri ya simu iliyovimba haichokonolewi wala kubanwa. Hutengwa mbali na vitu vinavyoungua, ndani ya chombo chenye mchanga mkavu, ilhali betri nzima za lithiamu huzibwa ncha zake kwa utepe ili zisigusane.

Kazi ifanyike mahali penye hewa, kwenye sakafu ya saruji inayofagiliwa baada ya kunyunyiziwa maji ili vumbi lisipae, wala pasiwe jikoni au uani watoto wanapocheza. Lehemu ya vifaa vya zamani ina risasi, na Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Nguo za kazi zibaki kazini, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na mama mjamzito asihusishwe kabisa. Kupasha bodi juu ya jiko la mkaa ili vipuri vidondoke, jambo ninaloliona mitaani mara kwa mara, hutoa moshi wa plastiki zenye bromini, ambao unaweza kuwa na sumu kali ziitwazo dioksini, na hakuna barakoa ya kitambaa inayouzuia.

Sasa kuhusu asidi. Mchanganyiko wa asidi ya naitriki na ya hidrokloriki unaoyeyusha dhahabu hutoa klorini pamoja na naitrojeni dioksidi, gesi ya kahawia inayoweza kumwacha mtu akijiona mzima kwa saa kadhaa kabla mapafu yake hayajaanza kujaa maji. Vichujio vingi vya maski zinazouzwa madukani havikutengenezwa kuizuia gesi hiyo, na feni iliyowekwa dirishani humpelekea jirani. Wengine hushauri jiki na asidi kana kwamba ni njia ya upole, ilhali viwili hivyo vikikutana hutoa klorini papo hapo. Sainaidi, ambayo imezoeleka katika uchenjuaji wa Kanda ya Ziwa, ikigusana na asidi hutoa gesi inayoua kwa dakika chache. Wachimbaji wadogo waliozoea zebaki nao waiache huko huko, maana tatizo la mvuke wake halipungui kwa sababu dhahabu imetoka kwenye kompyuta.

Hata hivyo, swali ambalo hunimalizia mjadala ni la mabaki. Ukishatoa dhahabu, unabaki na ndoo ya asidi yenye shaba, nikeli, risasi na bati. Magadi hupunguza ukali wake lakini hayaondoi metali hizo, ambazo hutuama kama tope lenye sumu, na ukilimwaga chooni au mtaroni katika mji ambao wengi hutegemea maji ya visima, umewanywesha watu. Anayetaka kufika hatua hiyo kwa dhati aingie kwa kushirikiana na mkemia, katika maabara yenye kabati la kuvuta gesi na mkataba wa kupeleka mabaki, baada ya kusajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Viwanda vikubwa kama kile cha Umicore huko Hoboken, Ubelgiji, hutoa pia shaba, fedha na paladiamu kutoka katika bodi zile zile, vitu ambavyo mwenye ndoo uani huvitupa.

Kwa Tanzania, kanuni za mwaka 2021 za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki zinataka kibali, kwa hiyo anzia ofisi ya serikali inayosimamia mazingira, inayofahamika kama NEMC. Kwa Kenya, ofisi ya namna hiyo ni NEMA. Usikubali kumtumia mnunuzi wa nje bodi kwa kificho cha "vipuri", kwa sababu tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, yaani mkataba wa kimataifa wa kusafirisha taka kati ya nchi, unataka idhini ya nchi inayopokea kwa taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu. Pokea vifaa kwa maandishi yanayoonyesha vimetoka kwa nani, hasa simu, na diski za ofisi zifutwe au kutobolewa mbele ya mwenyewe.

Unapouza, uliza bei kwa wanunuzi wawili au zaidi, pima mzigo kwa mizani yako kabla haujaondoka, na piga picha kila gunia likiwa wazi. Mnunuzi akitaka kulipa kwa majibu ya maabara badala ya daraja, sampuli ichukuliwe mkiwepo wote na igawanywe, sehemu moja ifungwe kwa lakiri na ubaki nayo hadi malipo yatakapokamilika.