Pick au SQL kwa duka la pembejeo
Kaka, umeuliza duka jipya hapo Mwanjelwa litumie hifadhidata (programu ya kutunza kumbukumbu) ya Pick au ya SQL. Chukua ile ya majedwali, mfano PostgreSQL, inayotumia SQL, lugha ya kuuliza na kubadili data. Ni ya bure, na vijana wanaojua SQL wapo hapa hapa Mbeya. Ile ya thamani nyingi, yaani sehemu moja ya rekodi hubeba thamani kadhaa, ukoo wa Pick ulioanzia Marekani miaka ya 1960, si mbovu hata kidogo: ankara yenye mbolea ya DAP mifuko 5, ya urea 10 na mbegu za mahindi inakaa yote kwenye rekodi moja, wakati SQL huigawa majedwali mawili au zaidi. Nimeitunza moja kwa miaka, inaenda haraka sana. Shida ni leseni, na fundi wake akihama kumpata mwingine ni kazi kweli. Ila kama mnayo tayari na inafanya kazi, msiing'oe. Kuhamisha kumbukumbu za zamani ndiko kunakomaliza hela.