Jibu: Vitabu vya "kuuzwa India tu", naweza kuviuza Kigoma?

Salaam mkuu. Kama nimekuelewa, umeleta maboksi ya vitabu vya uuguzi kutoka India, jalada linasema viuzwe huko tu, na jamaa amekutisha kwamba ukivipanga mezani pale Mwanga utashikwa.

Cha kwanza kabisa, hakikisha si vya wizi. Soma ukurasa wa hakimiliki, mchapishaji nani, vimechapwa wapi. Halafu angalia michoro: kwenye vya kudurufu, mishipa na mifupa huonekana kama imepakwa masizi, na gundi ya mgongoni huachia ukikikunjua tu. Mimi nauza vitabu vya mitumba hapa mjini. Boksi la namna hiyo silipokei hata kwa bei ya karanga. Feki haina utetezi.

Ile kesi ya Kirtsaeng uliyoitaja ni ya kweli. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, ilimpa ushindi kijana wa Thailand aliyeuza Marekani vitabu vilivyochapwa kihalali nje. Ila hiyo ni Marekani, haitufungi sisi. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inaihesabu hata kazi ya kuingiza nakala nchini kuwa haki ya mwenye hakimiliki, kwa hiyo risiti ya India pekee haikukingi. Nakala moja ya kujisomea ni jambo jingine. Maboksi ni biashara.

Mwandikie mchapishaji akupe ruhusa ya maandishi, kisha ipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, waione kabla hujauza hata kimoja.