Wanaelewa nikiwaelezea, kwenye testi wanafeli

SWALI: Dada shikamoo. Mimi niko mwaka wa tatu nasoma sayansi ya kompyuta, nimepewa wadogo zangu sita wa mwaka wa kwanza niwe menta wao kwenye programingi. Wanakuja usiku wa kuamkia siku ya kukusanya asaimenti, wamechanganyikiwa kabisa, nawaonea huruma naishia kuchukua laptopu na kuandika kodi mwenyewe huku naelezea, wanasema wameelewa na maksi wanapata nzuri tu, ila testi ya juzi ya kuandika kwenye karatasi wanne wamefeli. Imeniuma sana. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umekosea pale ulipochukua laptopu. Kumwangalia mtu anaandika kodi ni kama kumwangalia mtu anaogelea, unaona kila kitu lakini maji hujaingia.

Chukua mfano huu maana najua umekutana nao. Mtu ana orodha ya alama 5, ndani ya lupu (kodi inayojirudia) analinganisha alama[i], yaani alama iliyo nafasi ya i, na alama[i+1] inayoifuata, programu inagoma inaleta IndexError, kosa la kuomba nafasi ambayo haipo kwenye orodha. Wewe sekunde mbili tu ushaona tatizo, mkono unawasha urekebishe. Usiguse! Mpe peni na karatasi aandike i ni ngapi kila mzunguko, 0, 1, 2, akifika 4 muulize i+1 inakuwa ngapi, atasema 5, haya nafasi ya 5 ipo kwenye orodha? Hapo atakaa kimya, na we kaa kimya naye hata dakika nzima, mpaka akumbuke mwenyewe kwamba lugha ya Python inaanza kuhesabu nafasi kutoka 0 kwa hiyo ya mwisho ni 4, na lupu ilitakiwa iishe mapema kwa mzunguko mmoja. Hiyo ataingia nayo kwenye chumba cha mtihani.

Halafu kuna hatari hujaiona. Kazi sita zilizotoka mkono mmoja zinafanana, na vyuo vingi vinapitisha kodi kwenye programu za kukamata kazi za kunakili kama MOSS, inayoangalia muundo wa kodi, kwa hiyo kubadilisha majina ya vigeu (variables) hakusaidii kitu. Wakishikwa wataitwa wote, na wewe pia.

Kuhusu kuja usiku, mimi naamini ni aibu inawachelewesha, mtu anaona akija mapema ataonekana kilaza. Mwaka 1973 chuo kikuu cha Missouri-Kansas City kule Marekani kilianzisha utaratibu wa wanafunzi waliofanya vizuri kwenye somo kuongoza vipindi vya wenzao kila wiki, wakalenga masomo magumu badala ya kulenga wanafunzi dhaifu, kila anayesoma somo anakaribishwa, basi kwenda hakumtii mtu aibu. Fanya hivyo hivyo, weka siku na saa isiyobadilika, asaimenti iwe bado mbichi, waje wote sita hata asiye na swali. Wakae wawili wawili, mmoja anaandika mwenzake anasoma kila mstari na kuhoji, baada ya dakika 15 au 20 wabadilishane.

Na hao wanne waite wiki hii hii, waje na karatasi zao za testi, muanze na swali la kwanza walilokosa. Laptopu yako ibaki kwenye begi.