Kikorea kimenitoka, na watoto Wakorea wamefika shuleni

Shangazi, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, mwalimu msaidizi wa shule ya msingi karibu na Savannah, Georgia. Zamani nilijifunza Kikorea kwa kupenda tamthilia, nikaacha. Tangu kiwanda cha Hyundai kianze kazi Bryan County mwaka 2024, tunapokea watoto Wakorea. Yupo binti ambaye hajasema neno tangu aje. Natamani kurudi kusoma, ila naogopa kuwavunjia wazazi heshima kwa lugha mbovu. – Mwalimu M.

Marahaba mwanangu. Rudi, tena usingoje uwe hodari ndipo umsemeshe huyo binti.

Anza na herufi. Hangul, aliyoitangaza Mfalme Sejong mwaka 1446, ina herufi za msingi 24 tu, na uliwahi kuzijua. Mwombe binti aandike jina lake kwa Hangul, ulisome kwa sauti mpaka aridhike. Majina mengi ya Kikorea, ukiacha la ukoo, yana silabi mbili, na fomu za Marekani mara nyingine huzitenganisha: Ji-woo akaishia kuitwa Ji. Mtoto mgeni anayeitwa nusu jina kutwa nzima anaumia, hata kama hasemi.

Masomo ya hoteli na uwanja wa ndege yaache kwanza. Jifunze yanayomkwamisha mtoto shuleni: choo ni hwajangsil, kuuliza kama anaumwa ni apa?, kama yuko salama ni gwaenchana? Muulize, kisha umwache. Watoto wengi wanaoingia katika lugha mpya hukaa kimya hata miezi kadhaa, huku wakisikiliza na kuelewa. Tafadhali asilazimishwe kusimama mbele ya darasa.

Hofu ya heshima naielewa, maana umelelewa kwa shikamoo. Mtoto msemeshe kwa banmal, lugha ya kawaida. Kwa wazazi malizia vitenzi kwa -yo, wasalimie annyeonghaseyo, na mama usimtaje kwa jina lake: mwite eomeonim, yaani mama, kwa heshima. Ukikosea kiishio, watakuelewa.

Jambo moja ulikatae kabisa. Uongozi ukikutaka utafsiri kikao cha wazazi kuhusu maendeleo au afya ya mtoto, sema hapana. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inaikataza shule inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake ya kitaifa, kwa hiyo waombe watafute mkalimani anayefaa; neno moja ulilokosea hapo linaweza kumpeleka mtoto darasa lisilo lake. Wewe mpokee mama mlangoni, msalimie, umwonyeshe njia.