Goti linaloachia ukishuka ngazi: ni lazima upasuliwe?

Pole sana mdogo wangu. Umesema uligeuka ghafla uwanjani, ukasikia goti limelia, likavimba jioni ileile, na sasa linaachia ukishuka ngazi. Eksirei imetoka safi, na jirani anakukanda kwa mafuta.

Mwambie aache kukanda. Eksirei huonyesha mifupa; ligamenti, yaani kamba ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa, hazionekani. Dalili zako zinafanana sana na kukatika kwa ligamenti ya mbele ndani ya goti, ile wachezaji wanayoiita ACL. Kwa kuwa uko Moshi, omba rufaa uonane na daktari wa mifupa pale hospitali ya KCMC. Atakukunjisha goti na kuvuta mguu mbele kwa mikono, kisha akiona haja atakuandikia MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha hata ligamenti. Ulizia bima yako mapema, maana kipimo hicho ni ghali.

Upasuaji si lazima kwa kila mtu. Wengine wakiimarisha misuli ya paja wanaishi vizuri, hasa wasiocheza michezo ya kugeukageuka. Ila wewe unataka kurudi kwenye mpira, na goti linaloachia mara kwa mara huzidi kuharibu gegedo, ile tishu laini inayokinga ncha za mifupa. Ukipasuliwa, kwa kawaida ligamenti iliyokatika haishonwi: wanachukua kano (kamba inayounganisha msuli na mfupa) nyuma ya paja au chini ya kifuniko cha goti, wanaipitisha kwenye matundu waliyotoboa mfupani ichukue nafasi yake.

Baada ya hapo, mazoezi ya fiziotherapia ndiyo kazi yenyewe. Wiki za mwanzo pambana goti linyooke kabisa. Mpira usiuguse kabla ya miezi 9, hata kama maumivu yameisha. Bodaboda nayo, subiri daktari akuruhusu.