Nimejulikana kwa kisomo, je, niache?

SWALI: Asalamu alaykum, sheikh. Ni kijana wa Mikindani, miaka 19, nimehifadhi Qur'ani. Ramadhani iliyopita mtu alinirekodi nikisalisha tarawehe, sauti ikasambaa kwenye simu hadi Newala na Kilwa. Sasa naalikwa kila wiki, na kila niendapo wanataka iwe kama ile ya kwenye simu. Juzi Lindi nilikwama katika Surat Yusuf, baadhi wakacheka. Usiku silali. Ustadhi mmoja kaniambia kujulikana kwenyewe ni riya, yaani kufanya ibada ili watu wakuone, nisisome tena hadharani. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Usiache.

Hilo neno la ustadhi limeniudhi, maana si wewe wa kwanza kuambiwa. Kijana akijaaliwa sauti tu, hakosi wa kumtishia moto. Wanashika Hadithi ya Abu Hurayra katika Sahihi Muslim, ya msomaji atakayekuwa katika watu wa mwanzo kuhukumiwa. Waisome mpaka mwisho basi! Yule anaambiwa: ulisoma ili usemwe ni msomaji. Jina ndilo alilolifuata. Wewe ulikuwa unasalisha watu, simu ya mwingine ikakutangaza. Katika Sahihi hiyohiyo, Abu Dharr anapokea kuwa Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu mtu atendaye kheri na watu wakamsifu, akasema hiyo ni bishara ya muumini iliyotangulizwa. Hii haikumfikia ustadhi wako? Na mwanachuoni Fudhayl bin Iyadh alishasema zamani kuwa kuacha amali kwa ajili ya watu ndiyo riya. Sasa anayekuambia uache kwa kuwa unatazamwa, anakupeleka wapi?

Ama kukwama, Mtume mwenyewe kilimtatiza kisomo ndani ya sala. Alipomaliza akamuuliza Ubayy bin Kaab kilichomzuia kumkumbusha. Kaipokea Abu Daud. Waliokuwa Lindi wajibu wao ulikuwa kukufungulia aya. Kicheko ni utovu wa adabu tu.

Kinachonisumbua mimi ni usingizi wako. Msimu wa korosho ukifunguka Oktoba, wenye pesa watakuwa na harusi na maulidi kila kona, na kila mmoja atataka sauti ya simu. Mwezi mmoja, mwaliko mmoja. Waliobaki waombe radhi, hakuna dhambi. Rudi kwa mwalimu wako kila siku umsomee kama mwanafunzi yeyote, akusahihishe, akukaripie. Ile klipu usiisikilize tena. Popote uendapo nenda na hafidhi mwenzako akae karibu, ukikwama akufungulie. Usingizi usiporudi, nenda hospitali ya Ligula ukamwone daktari, wala usiruhusu mtu akuambie ni upungufu wa imani.

Bahasha ya pesa usiyoishurutisha pokea, ila nyumbani wasiipigie hesabu ya bati na saruji kabla hujaisoma hata bismillahi. Na kama anayeitikia mialiko kwa niaba yako ni baba, nami nahisi ndivyo, mwambie anipitie baada ya Ijumaa. Hayo nitayasema mimi, si ya mtoto kumwambia mzazi.