Airisi ya Medali, Majani Matupu: Maswali na Majibu ya Bustanini

Shikamoo mama. Agosti iliyopita nilinunua tunguu (lile shina nene la kupandwa) la 'Dusky Challenger', ua la bustani, kwa sababu ni airisi iliyopata medali. Sasa ni Mei, majirani wana maua, mimi nina majani tu. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia? (Columbus, Ohio)

Marahaba mwanangu. Hujaibiwa. Tunguu la Agosti lilikuwa na kazi ya kushika mizizi kabla ardhi haijaganda. Likitoa ua Mei hii ni bahati yako, lisipotoa hujakosa chochote. Mwaka wa pili ndio wa kudai.

Lakini nenda ukatazame: mgongo wa tunguu unaonekana? Sisi tumekulia kwenye viazi na tangawizi. Tukishika kitu chenye umbo la tangawizi, mkono wenyewe unakifukia. Airisi yenye ndevu, yaani yenye manyoya kwenye petali za chini, hukaa kama mamba anayeota jua ukingoni: mizizi chini, mgongo juu. Kama umeifukia, usiing'oe. Ondoa udongo wa juu kwa vidole tu. Inataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku, na udongo usiotuamisha maji.

Na samadi, tafadhali. Mwaka wangu wa kwanza nilifukia matunguu kumi na mawili, nikayafunika samadi kwa mapenzi. Majani yalinenepa, ua halikutoka hata moja, na kiangazi kilipofika manne yalikuwa yameoza, yananuka. Naitrojeni nyingi huleta majani laini, na bakteria wa kuoza huyapenda hayo. Ukikuta pameoza, kwangua mpaka ufikie nyama ngumu, kisha acha jua likaushe kidonda.

Medali yenyewe ni ya nini hasa? Mbona zenye medali nyingine ni bei rahisi kuliko zisizo nayo? (Minneapolis)

Ni Medali ya Dykes, yenye jina la Mwingereza William Rickatson Dykes, mtaalamu wa airisi aliyefariki mwaka 1925. Nchini Marekani ilianza kutolewa 1927, na hutolewa na American Iris Society. Haipatikani kwa ua moja kupendeza siku moja. Waamuzi huitazama airisi katika bustani mbalimbali, mwaka baada ya mwaka, nayo hupanda tuzo ndogo kwanza. 'Dusky Challenger', ile ya zambarau nzito, iliingia sokoni 1986 ikapata medali 1992. 'Victoria Falls', ya buluu yenye doa jeupe, yenye jina la maporomoko ya Zambezi, ilitoka 1977 ikangoja hadi 1984. Na kabla ya kufika sokoni kulikuwa na miaka ya mzalishaji: kuchanganya, kupanda mbegu, kutupa miche mamia, kubakiza michache.

Bei hushuka kwa sababu tunguu huzaa matunguu. Ya zamani yamejaa kila kitalu. Mapya bado ni machache. Kwa maoni yangu, anayeanza anunue ya medali ya miaka ya themanini au tisini. Yamekwisha kupimwa kwa baridi na kwa uvivu wa watu wengi.

Niko Bologna. Kuna mahali pa kuziona karibu? (Italia)

Panda treni uende Florence. Bustani ya Airisi iko jirani na Piazzale Michelangelo, na huwa wazi kwa wiki chache tu kati ya Aprili na Mei. Shindano lao la kimataifa lilianza 1957. Washindani hutuma matunguu, yanakuzwa palepale, na hukumu hutolewa baada ya miaka. Wana tuzo maalumu ya nyekundu, kwa kuwa ua jekundu kwenye nembo ya mji, ambalo watu huliita yungiyungi, ni airisi. Hadi leo hakuna airisi yenye ndevu iliyo nyekundu kama nyanya. Zinazoitwa nyekundu ni rangi ya matofali au divai.

Nikimpelekea mama tunguu moja Dar es Salaam? (Portland)

Usimsumbue. Itahitaji hati ya afya ya mimea, kisha joto la pwani litalinyima ile baridi inayolifanya liweke ua. Binamu yake, Dietes iridioides, huota porini Kenya na Tanzania, na mchango wake ni ua jeupe lisilohitaji theluji.

Nataka kuzalisha yangu mwenyewe. Nitangoja muda gani? (Salem, Oregon)

Asubuhi ua linapofunguka, chukua chavua kwa kibano uipake kwenye kile kimdomo chembamba kilicho juu ya ndevu za ua la pili. Andika kibandiko hapohapo, baba na mama, utasahau, usijidanganye. Kibumba cha mbegu kitavimba, na baada ya miezi miwili hivi kitageuka kahawia na kuanza kupasuka. Panda mbegu kabla ya majira ya baridi, ziache nje zipigwe na baridi. Baadhi zitaota masika yanayofuata, nyingine zitalala mwaka mzima zaidi. Ua la kwanza huja mwaka wa pili au wa tatu.

Langu la kwanza, mtoto wa wazazi wawili wenye medali, lilichanua rangi ya chai iliyolala. Nililipiga picha arobaini.